Madume wamekwenda wapi?

Wiki tatu zilizopita, katika mazungumzo haya haya, nilizungumzia dagaa na chakula chao. Nilitaja vidudu vidogo vya baharini ambavyo dagaa huvila, na kwa kupamba maneno nikaongeza sentensi moja ambayo sikuwa nimeiandika. Nilisema, "Na huko baharini nako majike ni wengi kuliko madume, ndiyo maumbile." Nikaaga, nikazima kipaza sauti, nikaenda zangu nyumbani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni. Mama ninayenunua dagaa kwake siku zote alinipimia, akafunga, akapokea fedha, lakini mfuko hakuuachia. Akaniuliza, "Dada, ni wewe uliyesema redioni kwamba majike ni wengi kwa maumbile?" Nikamjibu kwa furaha ya mtu aliyegundua kuwa anasikilizwa kwamba ndiyo, ni mimi. Akasema, "Basi mume wangu alikusikia. Anataka kuoa mke wa pili, na kila nikifungua mdomo ananiambia, hata redio imesema, hata baharini ni hivyo hivyo. Nakuuliza wewe uliyesoma. Ni kweli?"

Ndugu wasikilizaji, nimefanya kazi hii miaka mingi, na swali la maneno mawili lilinishinda. Nilimwambia nitamletea jibu. Leo nataka niwaeleze nilichokipata, kwa sababu kosa nililifanya mbele yenu nyote, na haifai kwenda kulisahihisha kimya kimya kwenye meza ya dagaa.

Nilianzia kwa mzee mmoja jirani yetu, aliyefundisha mambo ya uvuvi mpaka akastaafu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Nilikusikia." Alivyolitamka hilo "nilikusikia" nikajua nina kazi. Hakunikaripia. Aliniuliza swali moja tu: "Hao uliosema majike ni wengi, waliohesabiwa walikuwa na umri gani?" Sikujua. Akasema, "Basi nenda kasome, halafu urudi."

Nimesoma. Viumbe wenyewe wanaitwa kopepodi. Ni jamaa za kamba na kaa, lakini wengi wao urefu wao ni milimita moja au mbili, kama punje ya ulezi. Wana papasi mbili ndefu kichwani, na huelea na kuogelea katika maji ya bahari zote duniani kwa wingi ambao hakuna anayeweza kuumaliza kwa kuhesabu. Wanakula mimea midogo sana ya majini na viumbe wengine wadogo kama wao, nao huliwa na dagaa, vibua, na watoto wa karibu kila samaki tunayemjua. Ukila dagaa umekula kopepodi, hata kama hukuarifiwa.

Kopepodi huanguliwa kutoka kwenye yai, kisha hujivua gamba hatua kwa hatua. Hatua sita za kwanza ni za utoto, na umbo lake bado halifanani na la wazazi. Hufuata hatua tano za ujana. Hatua ya kumi na mbili ndiyo utu uzima, na hapo hajivui tena. Sasa sikilizeni jambo ambalo mzee alitaka nilione. Wale watoto wa mwanzo huwezi kuwatenganisha dume na jike hata ukiwa na hadubini nzuri. Watu wanaokwenda baharini na wavu wa kitambaa laini, wakaleta sampuli na kukaa kuhesabu, wale wanaowaandika kuwa madume na majike mara nyingi ni watu wazima. Na katika wazima, ni kweli kabisa, kwa aina nyingi za kopepodi majike ni wengi. Si ajabu kukuta majike watatu au zaidi kwa dume mmoja.

Kwa hiyo nilichosema redioni kilikuwa na mguu mmoja wa kweli. Mguu wa pili, wa "ndiyo maumbile", ndio uliokuwa mbovu. Kuwakuta majike wengi miongoni mwa wazima hakukuambii kwamba walizaliwa wengi. Kati ya kuzaliwa na kuhesabiwa kuna safari, na katika safari hiyo kuna waliokufa, na kama mtakavyosikia, kuna waliogeuka.

Tuanze na kuzaliwa. Mwaka 1930 Mwingereza mmoja, Ronald Fisher, alichapisha kitabu chenye hoja ambayo wataalamu wa viumbe wanaitumia mpaka leo. Hoja yenyewe ni ya kibiashara kabisa, hata muuza machungwa ataielewa. Kila mtoto ana baba mmoja na mama mmoja. Chukulia kuna majike 100 na madume 10, na kwa pamoja wakapata watoto 1,000. Kila jike, kwa wastani, amepata watoto 10. Kila dume amepata watoto 100. Je, ungekuwa mzazi katika jamii hiyo, ungependa kuzaa nani? Bila shaka dume, kwa sababu dume mmoja atakuletea wajukuu mara kumi ya jike. Basi wazazi wenye mwelekeo wa kuzaa madume wataacha wajukuu wengi zaidi, na mwelekeo huo utarithiwa, na madume wataongezeka. Wakizidi, mambo yanageuka, na faida inahamia kwa wanaozaa majike. Mizani inatulia pale wanapokaribia kuwa sawa kwa sawa.

Fisher aliongeza jambo muhimu. Vifo vinavyokuja baadaye, mzazi akishamaliza gharama zake kwa mtoto, haviigeuzi mizani hiyo. Na kopepodi wengi hawana malezi. Jike akishaachia mayai yake majini, kila mmoja na lake. Kwa hiyo tungetegemea wazaliwe karibu nusu kwa nusu, hata kama madume watakufa wengi mbele ya safari.

Na kweli wanakufa wengi. Chukueni mfano wa kopepodi mdogo sana aitwaye Oithona, anayepatikana karibu kila bahari. Jike wa Oithona hutulia majini kama mtu aliyekaa barazani, akingoja chakula kipite. Akitulia hivyo, hatikisi maji, na wanyama wengi wanaowinda kopepodi, mfano wale minyoo ya baharini wenye umbo la mshale, hugundua windo kwa mtikisiko wa maji. Dume hana anasa hiyo. Dume lazima atafute mke, na bahari ni kubwa. Huogelea kwa kasi huku na huku, na kila anapoogelea anajitangaza kwa adui. Isitoshe, muda wa kutafuta mke ni muda ambao hali. Anachoka, ana njaa, na anaonekana. Ndiyo maana maisha yake ni mafupi.

Katika Bahari ya Kaskazini, ile iliyoko kati ya Uingereza na Norway, yuko kopepodi mwingine aitwaye Centropages. Jike wake akiogelea huacha nyuma yake uzi wa harufu ndani ya maji. Dume akiukata uzi huo hugeuka na kuufuata kwa mwendo mkali, kwa umbali unaoweza kupita sentimita 10. Sentimita 10 kwetu ni kidole na nusu, lakini kwake yeye ni zaidi ya mara 60 ya urefu wa mwili wake. Na wakati mwingine huanza kuufuata kwa upande usio, kama mgeni aliyepanda daladala ya kurudi alikotoka, akagundua kosa na kugeuza. Yote hayo yanafanyika gizani, pasipo macho ya kuona sura ya anayemfuata.

Kuna aina nyingine ambazo dume akishakuwa mzima viungo vyake vya kulia hupungua, na huishi kwa akiba ya mafuta aliyojiwekea ujanani. Akiba ikiisha, naye ameisha.

Hapa nilikumbana na jambo lililonifurahisha kuliko yote. Uwiano wa madume na majike haulingani kwa kopepodi wote, na wataalamu wamejaribu kutafuta kwa nini. Mtaalamu mmoja wa Denmark, Thomas Kiørboe, alizilinganisha jamii mbalimbali na kuchapisha matokeo yake mwaka 2006. Kuna jamii ambazo jike ana kifuko maalumu mwilini cha kuhifadhia mbegu za dume. Akikutana na dume mara moja, huzitumia mbegu hizo kwa mayai yake ya siku nyingi zinazofuata. Katika jamii hizo madume wazima ni wachache sana. Na kuna jamii nyingine, hao akina Centropages wakiwemo, ambazo jike hana kifuko cha namna hiyo na anahitaji kukutana na dume tena na tena. Huko madume hula, huishi muda mrefu zaidi, na idadi yao hukaribia ile ya majike.

Kwa lugha nyepesi, pale dume anapohitajika mara moja tu, yeye hujitupa mzima mzima katika kutafuta, na kufa. Pale anapohitajika kila mara, hujitunza. Ukiuona umati wa majike wa zile jamii za kwanza, usidhani unaona wanawali wanaongoja kuolewa. Wengi wao ni wajane.

Lakini, ndugu wasikilizaji, vifo peke yake havimalizi habari. Nilisema wako wanaogeuka. Huyo ni Calanus, kopepodi mkubwa kidogo wa bahari za baridi, mwenye urefu wa milimita mbili mpaka nne. Kule Uskoti, katika kituo cha utafiti cha Millport, Sheina Marshall na Andrew Orr walimchunguza miaka na miaka, na mwaka 1955 wakachapisha kitabu kizima juu ya mdudu huyo mmoja. Baadaye, mwaka 1985, mtaalamu wa California aitwaye Abraham Fleminger alieleza jambo la ajabu katika jamii hiyo ya akina Calanus. Aliwakuta majike kamili ambao vinywele vya kunusia katika papasi zao vimepangwa kama vya dume. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba hao walianza safari yao wakielekea kuwa madume, wakageuka njiani kabla ya kufikia utu uzima. Na majaribio mengine, yaliyochapishwa mwaka 2000, yalionyesha kwamba chakula anachopata Calanus akiwa kijana kina mkono katika kuamua atakuwa dume au jike.

Tena kuna vimelea. Yuko mmoja aitwaye Blastodinium, anayeishi ndani ya utumbo wa kopepodi na kumfanya tasa. Ukimkuta jike wa namna hiyo kwenye sampuli, utamhesabu kuwa jike kamili, kumbe hana yai.

Na mwisho kuna mkono wa mwenye kuhesabu. Madume kwa kawaida ni wadogo kuliko majike, na wavu wenye matundu makubwa huwapoteza. Tena kuna majira. Calanus wa Norway hulala kilindini majira ya baridi, mamia ya mita chini, wakiwa katika hatua ya mwisho ya ujana. Baridi inapokaribia kwisha, madume hukomaa na kutangulia kutokea, majike wakifuata. Anayehesabu mapema atawaona madume wengi, na anayekuja wiki chache baadaye atasema madume ni adimu. Wote wawili wamesema kweli kuhusu siku yao.

Msidhani hayo ni mambo ya Ulaya tu. Katika pwani ya Somalia yuko kopepodi aitwaye Calanoides. Upepo wa kusi ukivuma, maji baridi yenye rutuba hupanda juu, naye hupanda nayo kula na kuzaliana. Kusi ikikoma huzama tena kilindini, akingoja. Mtu akitupa wavu wake juu ya maji wakati wa kaskazi anaweza kuandika kwamba mdudu huyo hayupo kabisa. Wavuvi wetu wanalijua hilo kwa samaki. Hakuna nahodha anayesema bahari haina dagaa kwa sababu yeye alikwenda usiku wa mbalamwezi.

Sasa je, wingi huo wa majike ni neema? Kiørboe yule yule, mwaka 2007, aliandika juu ya aina mojawapo ya Oithona, na katika kichwa cha makala yake akatamka wazi kwamba madume ni wachache mno. Madume wakipungua kupita kiasi, majike hubaki bila kupata mbegu, mayai hayaanguliwi, na kizazi kinachofuata hupungua. Kule baharini, uchache wa madume ni upungufu unaolipiwa gharama. Hakuna dume anayeufurahia, maana yeye mwenyewe amekwishakufa.

Nilirudi kwa yule mzee nikiwa na karatasi zangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na sisi watu je? Umetazama?" Nilikuwa nimetazama. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120. Wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Yaani kwa kila wanawake 100 kulikuwa na wanaume 95 hivi. Lakini waulize wakunga. Duniani, kwa jumla, huzaliwa wavulana 105 hivi kwa kila wasichana 100. Wavulana ndio wanaoanza wakiwa wengi kidogo, na wanaume ndio wanaotangulia kufa. Kwa hiyo hata kwetu, idadi ya wazima haisemi kitu juu ya nani aliumbwa mwingi. Inasema nani amebaki.

Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Sasa unaweza kwenda sokoni."

Nilikwenda. Nilimweleza yule mama habari nzima, wateja wakisubiri, na mmoja wao akiwa anacheka tangu nilipofika kwa dume aliyefuata harufu upande usio. Nilimwambia pia kwamba suala la kuoa mke wa pili ni lao, ni la dini yao, sheria na makubaliano ya nyumba yao, wala mimi sina la kusema hapo. Nililokuja kulisema ni kwamba ushahidi niliompa mume wake haukuwa ushahidi. Kopepodi hawakumtuma mtu kuoa.

Alinyamaza kidogo, akichambua dagaa. Kisha akasema, "Mahari ameshapeleka, dada. Alipeleka juzi."

Sikuwa na neno. Nikasema pole. Akaniambia, "Wewe hukumwozesha. Alikuwa na nia yake, akatafuta wa kumuunga mkono, akakupata wewe. Lakini hayo uliyoniambia mimi hapa, kayaseme redioni. Tena kayaseme saa ile ile, ili yule aliyesikia lile la kwanza asikie na hili."

Ndugu wasikilizaji, saa ni ile ile. Katika kazi yetu tuna mazoea mabaya. Kosa hulitangaza kwa sauti kubwa, na sahihisho hulinong'ona, kama tunasahihisha kabisa. Tena makosa yanayosafiri mbali si yale makubwa. Ni sentensi ndogo ya kupamba, ambayo mwandishi hakuipima kwa sababu aliona haina uzito. Msikilizaji huibeba mpaka nyumbani kwake, na huko inapewa kazi ambayo mwandishi hakuiota.

Basi naisahihisha hivi, na anayependa aandike. Wiki tatu zilizopita nilisema kwamba baharini majike ni wengi kuliko madume kwa maumbile. Nilikosea. Usemi sahihi ni huu: miongoni mwa kopepodi wazima wa aina nyingi, majike huonekana wengi, hasa kwa sababu madume hufa mapema wakiwatafuta, katika aina nyingine idadi yao hukaribiana, na chakula, majira, kina cha maji na wavu wa mhesabuji vyote hugeuza hesabu. Nani alizaliwa mwingi, sampuli ya wazima haiwezi kutuambia.

Namtakia heri yule mama wa dagaa. Na mume wake, kama ananisikiliza jioni hii, nampa salamu, na namwomba aliondoe jina la redio katika mazungumzo yake ya nyumbani.

Hadi wiki ijayo, saa kama hii, kwaherini.